Krismasi ya msimu wa korosho: baba yuko barabarani, mawingu yametanda, na mtoto anauliza theluji

Mama Wawili, Masasi (18 Desemba, saa 3 usiku)

Habari za jioni wanajukwaa. Shikamooni wakubwa wote mtakaopita hapa.

Nina miaka 29, nafundisha shule ya msingi hapa Masasi. Watoto wawili: mkubwa, binti, ana miaka sita, mdogo, wa kiume, ana mwaka na nusu. Mume wangu ni dereva wa lori. Mliozaliwa kusini mmeshanielewa. Kwa wengine nieleze kwamba kuanzia Oktoba mpaka mwaka ugeuke, dereva wa lori huku kwetu si mtu wa kumtafuta nyumbani. Korosho zikishapigwa mnada, mnunuzi anataka mzigo wake utoke ghalani ufike bandari ya Mtwara, na zile kilomita kama 200 kutoka Masasi hazijui Jumapili. Baba watoto anaingia usiku, anaoga, anakula, anambusu kila mtoto akiwa usingizini. Alfajiri utingo anapiga honi barabarani, ameondoka tena.

Siku yangu iko hivi. Naamka saa kumi na moja. Shule zimefungwa, hakuna kipindi cha kuwahi. Naamka kutazama mawingu. Mama mkwe ametukabidhi mikorosho 34 nje kidogo ya mji, na tulichookota jana kimelala uani juu ya turubai. Korosho inataka jua kali siku mbili tatu, mpaka ukiitikisa mkononi uisikie ikigonga ndani ya ganda. Ikilowa inapata madoa meusi, na ukiifikisha chama cha msingi cha ushirika inasukumwa upande wa daraja la pili, basi, jasho lako la wiki limeshuka bei hapo hapo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili. Kwa hiyo mwezi huu naomba mvua kwa ajili ya mahindi na mbaazi nilizokwisha kupanda, na naomba jua kwa ajili ya korosho, yote kwa sala moja.

Saa kumi na mbili tuko shambani, mdogo mgongoni, mkubwa na kindoo chake. Naokota, yeye ananyofoa mabibo. Anakula moja kwa kila kumi, na maji ya bibo yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Mama yeyote wa huku anajua kwamba doa la bibo halitoki kwenye nguo hata ufue kwa nini. Ndiyo maana gauni lake la Krismasi bado liko kwa fundi. Nimemwambia asinipe kabla ya tarehe 24.

Saa nne tunarudi, naanika, napika uji, namwogesha mdogo. Mchana nalala robo saa huku sikio moja liko uani. Jioni naanua, nafunika, napika ugali na kisamvu. Wiki iliyopita nilikaanga korosho zilizopasuka, nikazitwanga na kuzitia kwenye kisamvu badala ya karanga, na mdogo alilamba mwiko. Nayaandika haya kwa sababu nikisema "likizo" watu wa mbali wanadhani tumekaa.

Juzi mchana kijana mmoja alisimamisha pikipiki mlangoni, ana bakuli na pesa mfukoni. Mnaojua mnajua: kangomba, ununuzi wa korosho wa magendo. Hakuna mnada, hakuna stakabadhi, hakuna kungoja benki. Bakuli linahesabiwa kilo huku limejazwa mpaka linamwagika. Akawaangalia watoto, akasema, "Mwalimu, sikukuu hiyo hapo, watoto wavae." Nilikuwa na magunia mawili makavu, na pesa ya mnada uliopita ilikuwa haijaingia kwenye akaunti. Nilisimama naye pale muda mrefu, nikipiga hesabu ya mchele, mafuta, kuku, gauni, na daftari za Januari. Mwisho nikamwambia hapana. Alipoondoka niliingia chumbani nikalia. Ningekuwa na mume wangu karibu nisingelia, tungeongea tu yakaisha.

Sasa swali langu. Jana amenipigia simu akiwa Mtwara. Kuna mzigo unatoka tarehe 23, na foleni ya kushusha ni ndefu. Hatawahi Krismasi. Labda tarehe 27. Mtoto mkubwa amesikia, amekaa kimya tangu jana. Je, nifanye sikukuu tarehe 25 na watoto wawili, au tumngoje baba yao, Krismasi yetu iwe siku atakayoingia?

Na lingine dogo, ingawa kwangu si dogo. Siku ya kufunga shule binti alirudi na kadi aliyochora: nyumba, mti, na nukta nyeupe kila mahali. Akaniuliza, "Mama, theluji inaanguka Masasi lini?" Nikamweleza kwamba hapa Tanzania iko juu ya Kilimanjaro, mbali sana na kwetu. Baba yake alipopata habari aliomba tawi la mvinje kwa mtu mmoja kule Shangani, Mtwara, akalifunga juu ya lori, likafika Masasi limekauka ncha lakini bado la kijani. Nikanunua pamba duka la dawa, tukaisambaza juu ya matawi. Binti akaigusa kwa kidole, akasema, "Hii si baridi."

Naomba mawazo yenu.

Dereva Mstaafu, Mingoyo (18 Desemba, saa 4 usiku)

Pole sana mwalimu, na hongera kwa kumkatalia huyo mwenye bakuli.

Nimeendesha njia hiyo zaidi ya miaka ishirini. Nakaa hapa njia panda, magari ya Lindi, ya Mtwara na ya Masasi yote yananipita. Nitakwambia kitu ambacho mumeo hatakwambia. Dereva akiwa kwenye foleni ya kushusha, usiku wa tarehe 24, hakuna kinachomtesa kama kusikia watoto wameshakula sikukuu bila yeye. Wangu waliningoja mwaka 2018. Mnaukumbuka mwaka ule: wanunuzi walitoa bei ndogo, serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba mzigo, halafu ukaja uhakiki. Wakulima wengi walifika Krismasi hawajapata hata senti. Nyumbani kwangu hapakuwa na kuku wala pilau. Nilifika tarehe 30, mke wangu akachemsha mihogo kwa nazi, tukakaa wote kwenye mkeka. Mpaka leo kijana wangu, ambaye sasa ana mke, akisema "Krismasi ile" anasema ile ya mihogo.

Mngoje.

Binti Newala (18 Desemba, saa 4 na nusu usiku)

Dada, mimi napingana na mzee wangu hapo juu, kwa heshima zote.

Baba yangu naye alikuwa wa magari. Mwaka mmoja mama alisema tunamngoja. Tarehe 25 watoto wa jirani wamevaa, wanazunguka nyumba kwa nyumba, sisi tumekaa ndani na nguo za jana. Tarehe 26 bado. Tarehe 27 kuku aliyekwisha kuchinjwa akaanza kunuka, hatukuwa na friji. Baba alifika tarehe 2 Januari. Alipojua tulivyongoja alijilaumu, na mama akajilaumu, na sikukuu ikawa ya watu wawili wanaoombana radhi.

Mtoto wa miaka sita hana kipimo cha siku tatu. Kwake siku tatu ni mwaka. Mvalishe gauni tarehe 25, apeleke sahani kwa majirani, acheze. Kuku mmoja muache hai, amefungwa mguu uani. Huyo ndiye wa baba.

Mzee wa Chikundi (19 Desemba, asubuhi)

Marahaba binti yangu, na wengine wote.

Nimekuwa katekista kwa miaka mingi, niseme la kanisa. Hamna haja ya kugombania tarehe. Krismasi haiishi tarehe 25, siku hiyo ndiyo inaanza. Inakwenda mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Tarehe 26 ni ya Mtakatifu Stefano, 27 ni ya Yohana, 28 tunawakumbuka watoto wachanga waliouawa Bethlehemu. Mumeo akiingia tarehe 27 atakuwa hajachelewa kitu. Ameingia katikati ya sikukuu. Nenda kanisani tarehe 25 na watoto wako, mle mlichonacho, na ule mti msiuondoe.

Niongeze moja, maana wewe ni mwalimu na utawafundisha wengine. Mwaka 1876 Askofu Steere, mmisionari wa Kianglikana, alifika hapa Masasi kutoka pwani na msafara wa watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wanaelekea upande wa Ziwa Nyasa, wakaona mahali hapa chini ya majabali panafaa, wakajenga. Kati yao walikuwamo watu waliotenganishwa na mama zao, baba zao, wake zao. Krismasi za kwanza za mji huu zilisherehekewa na watu ambao mtu wao mmoja hayupo mezani. Mji wako unaijua hali hiyo tangu siku ya kwanza, binti yangu.

Mtoto wa Nachingwea, Oulu (19 Desemba, jioni)

Dada Mama Wawili, nimeusoma uzi wako mara mbili nikiwa kwenye basi.

Mimi ni wa Nachingwea, nimeolewa Ufini, mwaka wa saba sasa. Nina mtoto wa miaka mitano na mchanga wa miezi minane. Mwambie binti yako nimemtumia habari za theluji, kutoka kwa shangazi anayeishi ndani yake.

Leo jua limechomoza saa nne na nusu asubuhi na kuzama saa nane na dakika chache mchana. Halipandi juu, linatambaa pembeni kama mtu anayepita nyuma ya ukuta. Usiku theluji ilianguka, haikutoa sauti yoyote. Mvua ya kwetu inakuamsha kwa kupiga bati. Theluji unaijua kwa sababu ghafla nje pamekuwa kimya mno. Asubuhi kazi ya kwanza ni koleo. Mume wangu anasafisha njia ya mlangoni, mimi namvalisha mkubwa: nguo ya sufu ya ndani, sweta, soksi mbili, suruali ya theluji, koti, kofia, glovu. Inachukua robo saa, na akishavaa yote anasema anataka kwenda chooni.

Mchanga analala mchana nje, kwenye kigari chake, amefunikwa vizuri, hata kukiwa na baridi ya kugandisha maji. Wote hapa wanafanya hivyo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasimama dirishani nikilia, nikidhani namuua mwanangu. Sasa naona analala saa mbili bila kugeuka.

Sikukuu yenyewe huku ni tarehe 24. Saa sita mchana mji wa Turku unatangaza amani ya Krismasi, desturi ya karne nyingi, na nchi nzima inatazama kwenye runinga. Asubuhi tunakula uji wa wali wa maziwa uliofichwa lozi moja ndani yake, na atakayeipata anahesabiwa mwenye bahati. Jioni watu wanakwenda makaburini kuwasha mishumaa. Mara ya kwanza kuona makaburi yote yanawaka juu ya theluji nilisimama nikashindwa kutembea. Nilimkumbuka bibi yangu aliyelala Nachingwea chini ya mkorosho.

Nimeandika mengi. Nilichotaka kusema ni kwamba uliposema unaamka kutazama mawingu nimejiona mimi. Huku naamka kutazama dirisha. Umenirudishia na harufu ya mabibo yaliyoangukia mchangani asubuhi. Hapa siipati hata kwa pesa.

Mama Wawili (19 Desemba, usiku)

Asanteni, kweli asanteni. Mzee wa Chikundi, nimemsomea mama mkwe maneno yako kwenye simu, amesema "amina" mara tatu. Binti Newala, nimeamua kukufuata wewe na mzee pamoja: gauni tarehe 25, jogoo mmoja abaki hai. Dada wa Oulu, binti anauliza kama theluji inaliwa.

Mtoto wa Nachingwea, Oulu (19 Desemba, usiku)

Inaliwa, kila mtoto anaila tukiwa hatuoni. Mwambie ile nyeupe kabisa tu.

Mama Wawili (26 Desemba, saa 8 mchana)

MREJESHO.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 mvua ilikuja. Saa nane usiku nasikia tone la kwanza kwenye bati, la pili, halafu yote. Nilikuwa nimeacha uani karibu magunia matatu, yamefunikwa kwa turubai moja tu, na upepo ulishaifunua pembe. Nikatoka na kanga. Navuta, turubai nzito, maji yanaanza kujikusanya katikati. Mara naona mwanga wa tochi juu ya ukuta. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye tumeishi naye miaka minne, ameshaingia uani, amejifunga kanga kiunoni. Hakuniuliza kitu. Akashika pembe ya pili, tukakunja, tukabeba, tukaingiza yote sebuleni na kuyamwaga pale chini ya mvinje. Tulipomaliza alikaa kwenye kiti, akacheka, akasema, "Mwaka huu mti wenu una mzigo." Akaenda kulala.

Umeme ulikuwepo. Taa ya barazani niliisahau ikiwaka. Mvua ilipokatika, kumbikumbi wakatoka ardhini, wale wa mvua kubwa ya kwanza, maelfu kwa maelfu. Sikuwasikia, nilishachoka.

Asubuhi binti ndiye aliyeamka kwanza. Nilisikia anapiga kelele barazani, nikakurupuka nikidhani nyoka. Nikamkuta amepiga magoti. Sakafu nzima ilikuwa imejaa mabawa, yametapakaa ukuta kwa ukuta, membamba, yanang'aa kwenye mwanga wa asubuhi, na kila akipumua yanaruka. Akanigeukia akaniambia, "Mama, imeanguka."

Sikumsahihisha. Mimi mwalimu, kazi yangu ni kusahihisha, lakini sikuweza. Nilikaa naye chini. Mdogo akaja akiwa na nepi tu, akayashika kwa viganja viwili, akayarusha, yakamwangukia kichwani. Tulikaa pale mpaka uji ukaungua.

Kumbikumbi wenyewe tuliwakusanya kwenye beseni, nikawakaanga kwa chumvi. Nusu nikampelekea jirani. Yeye alikuwa ameshaniletea vitumbua.

Tarehe 25 tulikwenda kanisani asubuhi. Gauni la kijani, viatu vya mwaka jana vilivyopakwa kiwi. Pilau ilikuwa ya kilo moja na nusu, ikatosha sisi, mama mkwe, na sahani tano za majirani. Pesa ya mnada iliingia tarehe 23 jioni, niliiona kwenye simu nikiwa kwa fundi. Saa kumi jioni baba watoto akapiga simu kutoka foleni, binti akamsimulia mabawa kwa dakika kumi na mbili bila kupumua. Jogoo yuko uani, amefungwa mguu, anatutazama.

Binti Newala (26 Desemba, jioni)

Hapo kwenye "Mama, imeanguka" nimeweka simu chini kwanza. Mungu awatunze dada. Korosho zilizolowa zimekuwaje?

Mama Wawili (30 Desemba, saa 2 usiku)

Binti Newala, zilizolowa hazikuwa nyingi, kama debe moja. Nimezitenga, zitakwenda daraja la pili. Nyingine zimekauka sebuleni na uani kwa zamu, tulikuwa tunatembea kwa kuruka.

Mrejesho wa mwisho. Aliingia tarehe 27, saa tano usiku. Nilitaka watoto walale mpaka asubuhi. Yeye akasema hapana, amewahesabia siku njia nzima. Binti akaamshwa. Hakusema shikamoo, hakusema chochote, alikwenda moja kwa moja chini ya mvinje akachukua boksi la kiberiti. Ndani alikuwa ameweka mabawa. Akamfungulia baba yake pole pole ili yasiruke. Mume wangu amebeba tani na tani za korosho msimu huu, mikono yake imepasuka, na nilimwona anakishika kile kiboksi kama kikombe kilichojaa mpaka ukingoni.

Jogoo alichinjwa saa sita kasoro usiku. Tumekula saa nane usiku, sisi wanne, mdogo akisinzia na paja mkononi. Tarehe 29 alfajiri honi ikapiga. Mti tumeuacha mpaka tarehe 6 kama mzee alivyosema.

Dada wa Oulu, binti amegawa mabawa mafungu mawili. Moja ni la kwako na watoto wako. Ameniuliza kama yatafika huko kwa posta bila kuyeyuka, nikamwambia yatafika.